Somo la Kumi na Mbili: Mwili Unapopanda Mlima kwa Mbio

Katika somo lililopita tulijifunza kwamba moyo ni pampu ya damu, na kwamba mapafu huingiza oksijeni katika damu hiyo. Sasa tutaona jinsi moyo na mapafu vinavyozoeshwa kufanya kazi ngumu, na mahali ambapo mazoezi peke yake hayatoshi.

Tuseme kwamba katika mji wa Moshi kuna chama cha wakimbiaji kumi na wawili. Baadhi yao ni walimu, wengine mafundi na wauguzi, na mmoja ni mkulima wa kahawa. Wamekusudia kupanda vilele vitatu katika mwaka mmoja: kilele cha Mlima Meru chenye mita 4,566, kilele cha Lenana katika Mlima Kenya chenye mita 4,985, na mwisho kilele cha Uhuru katika Mlima Kilimanjaro chenye mita 5,895. Wamejiwekea sharti moja: wote wafike pamoja. Likumbuke sharti hilo, maana tutalirudia.

Kabla ya kuwafuata wakimbiaji hao, pima kwanza moyo wako mwenyewe.

JARIBIO

Fanyeni kazi wawili wawili, mkiwa na saa yenye mshale wa sekunde. Mwenzako akae kimya kwa dakika tano. Kisha weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, juu ya kifundo cha mkono wake, upande wa kidole gumba. Usitumie kidole gumba chako, kwa sababu kina mapigo yake nacho kitakudanganya. Hesabu mapigo kwa sekunde 30, kisha zidisha kwa 2. Andika jibu.

Sasa mwenzako akimbie kuzunguka uwanja kwa dakika mbili. Mara tu anaposimama, hesabu tena. Endelea kuhesabu kila baada ya dakika moja mpaka mapigo yarudi yalivyokuwa mwanzo. Andika hesabu zote katika jedwali. Mwanafunzi mwenye pumu au anayeumwa asikimbie. Yeye awe mshika saa.

Mtoto wa umri wako akitulia, moyo wake hupiga kati ya mara 70 na 100 hivi kwa dakika. Baada ya mbio huenda ukapita mara 150. Misuli ya miguu inapofanya kazi nyingi hutaka oksijeni nyingi, nayo oksijeni huletwa na damu. Kwa hiyo moyo huisukuma damu upesi zaidi, na mapafu nayo huvuta hewa haraka. Chunguza jedwali la darasa zima. Ni nani ambaye mapigo yake yalirudi upesi kuliko ya wengine? Mwulize anatembea umbali gani kuja shuleni. Mara nyingi jibu lake litakufundisha jambo.

MAZOEZI YA PAMOJA

Wakimbiaji wetu hukutana alfajiri, hukimbia polepole kwenye njia za migombani, na huzungumza huku wakikimbia. Usidhani kwamba wanafanya mchezo. Mazungumzo ndiyo kipimo chao. Mkimbiaji awezaye kusema sentensi nzima bila kukatika, misuli yake inapata oksijeni ya kutosha. Akianza kusema neno moja moja, misuli imeanza kudai kuliko inavyoletewa. Hapo misuli hupata nguvu kwa njia nyingine isiyodumu, na mkimbiaji huchoka ghafula. Kwa sababu hiyo huwaweka mbele wale wasio na kasi, na wenye kasi hufuata nyuma.

Baada ya miezi kadhaa ya mazoezi ya namna hii moyo hubadilika. Huwa na nguvu zaidi, na kila pigo hutoa damu nyingi kuliko zamani. Fanya hesabu hii. Mtu mzima aliyetulia husukuma lita 5 hivi za damu kwa dakika. Moyo ukipiga mara 70, kila pigo hutoa mililita 71 hivi. Mkimbiaji aliyezoea, ambaye moyo wake hupiga mara 50 tu, kila pigo lake hutoa mililita 100. Moyo wake unafanya kazi ile ile kwa mapigo machache.

Misuli nayo hufundishwa, na hasa misuli ya mapaja. Watu wengi hufikiri kwamba kupanda ndiko kunakoumiza. Sivyo. Kupanda huchosha, lakini kushuka ndiko kunakoacha maumivu ya siku mbili au tatu, kwa sababu wakati wa kushuka misuli ya paja hujikaza huku inanyooshwa na uzito wa mwili. Ndiyo maana wakimbiaji hawa hufanya pia mazoezi ya kuteremka.

HEWA NYEPESI

Mpaka hapa mazoezi yametosha. Lakini mji wa Moshi upo kiasi cha mita 900 hivi tu kutoka usawa wa bahari, na safari yao inakwenda juu sana kuliko hapo.

Panga mablanketi kumi, moja juu ya jingine. Blanketi la chini hubanwa na yote yaliyo juu yake, lakini la juu halibanwi na lolote. Hewa nayo iko hivyo. Hewa ya pwani hubanwa na hewa yote iliyo juu yake, na ya mlimani haibanwi sana. Sehemu ya oksijeni haibadiliki. Pwani na mlimani ni kama sehemu moja katika tano ya hewa. Kinachobadilika ni kwamba hewa yenyewe imetawanyika. Katika kilele cha Uhuru, pumzi moja huingiza karibu nusu tu ya hewa ambayo pumzi kama hiyo ingeingiza pwani.

Mwili hujitahidi kuzoea. Kwanza mtu huvuta pumzi haraka na moyo hupiga mbio hata akiwa amekaa. Kisha figo hutambua upungufu wa oksijeni na kutoa homoni inayokwenda katika uboho wa mifupa. Huko hutengenezwa chembe nyekundu za damu, ambazo ndizo wapagazi wa oksijeni. Chembe zikiongezeka, mzigo hubebwa zaidi. Lakini kazi hiyo huchukua majuma, si siku moja.

Jambo hili lilionekana wazi mwaka 1968, Michezo ya Olimpiki ilipofanyika katika mji wa Mexico City, wenye mwinuko wa mita 2,240 hivi. Wakimbiaji kadhaa hodari waliotoka nchi za tambarare walishindwa kupumua vizuri katika mbio ndefu. Naftali Temu wa Kenya alishinda mbio za mita 10,000, Kipchoge Keino wa Kenya zile za mita 1,500, na Mamo Wolde wa Ethiopia mbio za marathoni. Wote watatu walitoka nchi za milimani. (Hewa hiyo hiyo nyepesi haimzuii sana mtu anayekwenda kasi. Mwaka huo huo, katika michezo hiyo, Bob Beamon wa Marekani aliruka urefu wa mita 8.90.) Mpaka leo wakimbiaji wengi huenda Iten, Kenya, mita 2,400 hivi kutoka usawa wa bahari, ili kufanya mazoezi.

UGONJWA WA MLIMANI

Wakimbiaji wetu wamekwisha kupanda Meru na Lenana salama. Sasa wanapanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu. Usiku wa kwanza walilala Mandara, mita 2,700. Usiku wa pili wamelala Horombo, mita 3,700. Asubuhi mmoja wao, mwenye mbio kuliko wote, ana maumivu ya kichwa. Amekataa chai na anahisi kichefuchefu. Anayumba kidogo anapotembea. Wenzake wakimwuliza, anajibu, "Mimi mzima." Anaogopa kuvunja lile sharti la kufika pamoja.

Huu ni ugonjwa wa mlimani. Haumwogopi mwenye misuli. Humpata hata bingwa, na pengine humpata bingwa zaidi kwa sababu hupanda haraka. Mgonjwa akiendelea kupanda, maji huweza kujaa katika mapafu au ubongo ukavimba, naye hufa. Kuyumba ni dalili mbaya sana. Dawa ya kwanza ni kushuka mara moja, asishuke peke yake, na asingoje mpaka kesho. Kwa kawaida mita 500 mpaka 1,000 za kushuka humletea nafuu.

Kwa hiyo lile sharti lilikuwa baya, ingawa lilitungwa kwa upendo. Lililo bora ni hili: kila mmoja amwangalie mwenzake, na anayeumwa ateremshwe. Aidha, mtu akipita mita 3,000 inafaa mahali pa kulala pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500 hivi. Ikiwa pamezidi, akae siku moja zaidi hapo hapo. Wapandaji wengi hukaa siku ya ziada Horombo, na siku hiyo haipotei bure.

Pengine umesikia juu ya Karl Egloff wa Ekwado, ambaye mwaka 2014 alipanda na kushuka Kilimanjaro kwa muda usiofika saa 7. Usitumie habari hiyo kubisha. Yeye alitoka Quito, mji wenye mwinuko wa mita 2,850 hivi. Tena hakulala kileleni. Alifika na kushuka mara moja.

MASWALI

1. Kwa nini anayepima mapigo ya moyo asitumie kidole gumba?
2. Moyo wa mkimbiaji hupiga mara 40 kwa dakika na kusukuma lita 5 za damu. Kila pigo hutoa mililita ngapi?
3. Kutoka Mandara mpaka Horombo ni kupanda mita ngapi? Linganisha na kiasi tulichokitaja katika somo.
4. Wewe ndiwe kiongozi wa wakimbiaji hao asubuhi ile Horombo. Andika maneno utakayomwambia mwenzako mgonjwa, na useme nani atashuka naye.