Tindikali ya Tumbo: Dawa ya Sindano Hufaa Wakati Gani?

Ni jambo la kawaida kumsikia mgonjwa mwenye vidonda vya tumbo au kiungulia akimwomba mganga amchome sindano, kwa kuamini kwamba dawa ya sindano ina nguvu kuliko ya kumeza. Makala hii itaeleza namna dawa za kupunguza tindikali zinavyofanya kazi, ili msomaji aweze kupima mwenyewe kama imani hiyo ina msingi.

Tindikali hutoka wapi?

Ukuta wa tumbo una tezi ndogo sana zinazotoa maji ya tumbo yapatayo lita 2 kwa siku. Ndani yake mna tindikali ya haidrokloriki, ambayo pH yake huweza kushuka hadi 1. Mwanafunzi wa kemia atakumbuka kwamba kila pH inaposhuka kwa namba moja, wingi wa ioni za haidrojeni huongezeka mara 10. Damu ina pH ya 7.4. Kwa hiyo seli za tezi hizo husukuma ioni kuelekea mahali ambapo zimekwisha kuwa nyingi kwa zaidi ya mara milioni moja. Kazi hiyo nzito hufanywa na protini iitwayo pampu ya protoni, ambayo hutumia nishati kutoa ioni ya haidrojeni na kuingiza ya potasiamu mahali pake.

Pampu hizo huamshwa na wajumbe watatu: asetilikolini itokayo kwenye neva, homoni ya gastrini, na histamini itolewayo na seli za jirani. Tumbo lenye afya hujikinga na tindikali yake kwa ute mzito. Kinga hiyo ikivunjika, kidonda hutokea. Kiungulia nacho huja pale tindikali inapopanda kwenye umio, ambao hauna kinga kama ya tumbo.

Makundi mawili ya dawa

Kundi la kwanza huzuia histamini. Dawa ya simetidini, tunda la utafiti wa James Black na wenzake, ilianza kutumika Uingereza mwaka 1976, na mwaka 1988 Black alitunukiwa Tuzo ya Nobel. Famotidini ni ya kundi hilo. Upungufu wake ni kwamba hufunga mlango mmoja tu kati ya mitatu, na mwili huizoea baada ya siku chache.

Kundi la pili hufunga pampu yenyewe. Omeprazoli ilianza kuuzwa mwaka 1988, zikafuata pantoprazoli na esomeprazoli. Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Kidonge cha omeprazoli hakifanyi kazi kwa kugusana na tindikali iliyomo tumboni. Kikikutana nayo mapema, dawa huharibika. Ndiyo maana hufunikwa kwa gamba linaloyeyuka kwenye utumbo mdogo. Kutoka huko dawa huingia katika damu, nayo damu huirudisha kwenye seli za tumbo kwa upande wa nyuma. Ikifika penye pampu hugeuzwa na tindikali ya hapo, ikaing'ang'ania pampu isiweze kufanya kazi tena. Dawa yenyewe hutoweka katika damu baada ya saa chache, lakini seli hulazimika kuunda pampu mpya, hivyo nafuu hudumu kwa muda mrefu zaidi.

Basi, ya kumeza na ya sindano hufika penye pampu kwa njia ileile ya damu. Tofauti iko kwenye lango la kuingilia tu.

Sindano ina kazi gani?

Sindano hufaa lango la kinywa linapofungika: mgonjwa anatapika mfululizo, amepoteza fahamu, au amefanyiwa upasuaji na haruhusiwi kumeza. Dawa huja ikiwa unga katika kichupa, kwa sababu ikiyeyushwa haidumu. Pantoprazoli ya miligramu 40, kwa mfano, huyeyushwa kwa mililita 10 za maji ya chumvi ya asilimia 0.9 na kuingizwa polepole katika mshipa wa damu, kwa muda usiopungua dakika 2. Haichomwi katika msuli. Mgonjwa akiweza kumeza, hurudishwa kwenye vidonge.

Sindano ina kazi kubwa zaidi kidonda kinapotoka damu. Tindikali kali huzuia damu isigande vizuri, na kimeng'enya cha pepsini humeng'enya hata bonge lililokwisha kuziba jeraha. pH ikipandishwa hadi kufikia 6, bonge hupata nafasi ya kushika. Mwaka 2000 ulitangazwa utafiti wa Hong Kong uliohusu wagonjwa 240. Madaktari walikwanza kuziba jeraha kwa kutumia bomba laini lenye kamera lipitalo kinywani. Kisha nusu yao walipewa miligramu 80 za omeprazoli katika mshipa, zikifuatwa na miligramu 8 kila saa kwa saa 72. Wengine walipewa dripu isiyo na dawa. Katika siku 30, waliotokwa na damu tena walikuwa 8 kati ya 120 katika kundi la kwanza, na 27 kati ya 120 katika kundi la pili. Msomaji aangalie kwamba sindano ilifuata baada ya jeraha kuzibwa. Haikuchukua nafasi ya tiba hiyo.

Chanzo hakiondolewi kwa sindano

Kupunguza tindikali hukipa kidonda nafasi ya kupona, lakini chanzo chake hubaki. Mwaka 1982, mjini Perth, Australia, Barry Marshall na Robin Warren waliotesha maabarani bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ambaye ni chanzo kikubwa cha vidonda. Walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Mwenye bakteria huyo huhitaji viuavijasumu pamoja na dawa ya tindikali. Chanzo kingine ni dawa za maumivu kama aspirini na diklofenaki, ambazo hudhoofisha kinga ya tumbo.

Mtu akitapika damu, au akipata choo cheusi kama lami, asinunue vidonge dukani wala asisubiri asubuhi. Apelekwe hospitali mara moja.

Maswali ya zoezi

1. pH ya tumbo ikipanda kutoka 1 hadi 6, wingi wa ioni za haidrojeni umepungua mara ngapi?
2. Kwa nini mgonjwa haruhusiwi kutafuna kidonge cha omeprazoli?
3. Mgonjwa wa vidonda ameshauriwa achomwe diklofenaki kwa sindano badala ya kuimeza, ili tumbo lisidhurike. Ukizingatia njia ya damu, je, ushauri huo ni salama? Eleza.