Ramani Ikishachorwa Umechelewa: Somo la Barabara Kutoka Katavi

Wanachuo wenzangu, wengi wetu tunakutana na mpango wa barabara siku nyumba inapopigwa X. Hapo ndipo tunapiga kelele, na jibu ni lilelile: mpango ulishapita. Ulipita wapi? Hilo ndilo somo letu, na tutalisomea Katavi.

Tuanze na reli. Tawi la Kaliua hadi Mpanda, takribani kilomita 210, lilijengwa na serikali ya kikoloni mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi. Mgodi ndio ulioamua reli ifike wapi. Baadaye mgodi ukafungwa, reli ikabaki, na mji ukaendelea kukua palepale. Kwa hiyo njia huishi kuliko sababu iliyoizaa. Ndiyo maana maoni yana thamani kabla ya mstari kuchorwa.

Leo Mkoa wa Katavi, ulioanzishwa 2012, una lami ya kwenda Tabora na bandari ya Karema kwenye Ziwa Tanganyika. Mwananchi wa kawaida anaingilia wapi katika mipango kama hii? Ipo milango minne.

Kwanza, mkutano mkuu wa kijiji. Kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi ni mjumbe. Vipaumbele hutoka hapo kwenda kamati ya maendeleo ya kata, kisha halmashauri. Kumbuka: barabara za wilaya, za vijijini na za mitaa ni za TARURA, iliyoanza 2017; barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. Ukimfuata asiyehusika utazungushwa tu.

Pili, Bodi ya Barabara ya Mkoa, inayoongozwa na Mkuu wa Mkoa. Wewe huingii, lakini mbunge wako anaingia. Mpelekee hoja kabla ya kikao.

Tatu, tathmini ya athari kwa mazingira. Sheria ya mwaka 2004 na kanuni zake za 2005 zinamtaka mwenye mradi atangaze na atafute maoni ya watakaoguswa. Hapa ndipo pa kuuliza kalavati litamwaga maji shamba la nani, ng'ombe watavukia wapi, na wanyama watalindwaje, maana barabara ya Mpanda kwenda Sumbawanga inakatiza Hifadhi ya Katavi.

Nne, nauli. LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya 2019, hukusanya maoni ya wadau kabla ya kupanga nauli za mabasi. Wenye mabasi hufika na mahesabu yao. Abiria wasipofika, hesabu ni ya upande mmoja.

Najua utasema: "Maoni yetu huishia kabatini." Mara nyingine ni kweli. Lakini kuna maoni yaliyo rahisi kuwekwa kabatini. "Barabara yetu mbovu" ni mojawapo, kwa sababu kila kijiji kinasema hivyo. "Masika iliyopita gari la wagonjwa lilishindwa kuvuka mto huu siku kadhaa, tarehe hizi hapa" ni hoja nyingine kabisa. Ikiandikwa kwenye muhtasari wa kikao, diwani ana kitu cha kushika mkononi akifika halmashauri, na mwaka ujao mnaweza kuuliza imefikia wapi.

Hapo ndipo msomi anapohitajika. Bibi yako anaijua barabara kuliko wewe. Anajua maji yanapita wapi na mama mjamzito hukwama wapi. Wewe unajua kuhesabu, kuchora na kuandika. Usiende kumsemea, mwandikie anachokijua.

Zoezi la likizo: chagua barabara moja ya kwenu. Tafuta kama ni ya TARURA au TANROADS. Hesabu magari, pikipiki na baiskeli siku moja ya kawaida na siku moja ya mnada. Waulize watu watano wa kazi tofauti inawakwamisha wapi. Andika ukurasa mmoja, mpe mtendaji wa kijiji kabla ya mkutano, na siku ya mkutano uwepo.