Kuajiri wauguzi ni nusu ya kazi: nini huwafanya wabaki?

Wakati wa kuandaa bajeti, ombi moja husikika mara kwa mara katika mikutano ya hadhara: tuongezewe wauguzi. Ni ombi la haki. Lakini liko swali la pili ambalo huulizwa kwa nadra: wauguzi tulio nao leo, wangapi watakuwa bado kazini mwaka ujao?

Somo hili linaeleza kwa nini wauguzi huacha kazi katika vituo vya umma, ni mambo gani huwafanya wabaki, na ni wapi sauti ya mkaazi inaweza kuleta mabadiliko.

Nani anawajibika?

Kwa mujibu wa Ratiba ya Nne ya Katiba ya 2010, hospitali, vituo vya afya na zahanati za kaunti ziko chini ya serikali za kaunti. Kaunti zilianza kazi mwaka 2013. Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti ndiyo huajiri na kupandisha vyeo. Serikali ya kitaifa hutunga sera na kusimamia hospitali za rufaa za kitaifa. Tume ya Mishahara na Marupurupu hutoa ushauri kuhusu malipo, na Baraza la Wauguzi la Kenya hutoa leseni.

Mikono hii ni mingi, na isipokubaliana anayeumia ni mgonjwa. Mgomo wa wauguzi wa mwaka 2017 ulianza Juni 5 na kumalizika mwanzoni mwa Novemba, takriban siku 150. Kiini chake kilikuwa mkataba wa pamoja wa malipo na masharti ya kazi. Mwenye uwezo alikwenda hospitali ya kibinafsi. Asiye na uwezo alibaki kusubiri.

Kwa nini wanaondoka?

Mshahara ni sababu mojawapo, hasa unapochelewa. Muuguzi ana kodi ya nyumba na karo ya watoto kama mtu mwingine yeyote. Lakini ziko sababu nyingine.

Ya kwanza ni mzigo wa kazi. Katika zahanati nyingi za mashambani, muuguzi mmoja au wawili ndio hufanya karibu kila kitu: chanjo, kliniki ya wajawazito, kuzalisha, kufunga vidonda, kutoa dawa na kujaza ripoti za mwezi. Akiugua au akienda likizo, mlango unaweza kufungwa.

Ya pili ni ajira isiyo na uhakika. Mwaka 2020, serikali ya kitaifa iliajiri maelfu ya wahudumu wa afya, wakiwemo wauguzi, kwa kandarasi ya miaka mitatu chini ya mpango wa Afya kwa Wote. Baadaye waliandamana mara kadhaa wakidai ajira ya kudumu na pensheni. Mtu asiyejua kama atakuwa na kazi mwaka ujao huendelea kutafuta nyingine.

Ya tatu ni kukwama. Muuguzi anayekaa miaka mingi katika cheo kimoja, hata baada ya kujiongezea masomo, huona kwamba juhudi zake hazihesabiwi.

Ya nne ni usalama: zamu ya usiku bila taa wala mlinzi, uhaba wa glavu, na matusi au kipigo kutoka kwa jamaa wa wagonjwa.

Wakati huohuo, milango ya nje iko wazi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2023 dunia ilipungukiwa na wauguzi milioni 5.8. Julai 2021, Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kuwawezesha wahudumu wa afya wa Kenya kwenda kufanya kazi huko. Kwa hivyo zahanati yetu inashindania muuguzi yuleyule na hospitali za London. Hatuwezi kumfunga kamba. Tunaweza tu kuifanya kazi ya hapa iwe ya kuvumilika na yenye heshima.

Utafiti umeonyesha nini?

Mwaka 2002, Linda Aiken na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa katika hospitali za jimbo la Pennsylvania, Marekani. Waligundua kwamba kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwa muuguzi baada ya upasuaji aliambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa kufariki ndani ya siku 30. Uwezekano wa muuguzi kuchoka kupita kiasi uliongezeka kwa asilimia 23.

Jimbo la Queensland, Australia, liliweka kiwango kisheria mwaka 2016: katika wodi zilizohusika, muuguzi mmoja kwa wastani wa wagonjwa wanne mchana na saba usiku. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba vifo vilipungua, na pesa zilizookolewa kwa wagonjwa kukaa siku chache na kutorudi hospitalini zilizidi mara mbili gharama ya kuongeza wauguzi.

Hospitali hizo si kama zetu. Hata hivyo, funzo lake linatuhusu: mzigo wa muuguzi ni suala la uhai wa mgonjwa.

Nini huwafanya wabaki?

Pesa zina kikomo. Kanuni za usimamizi wa fedha za kaunti za mwaka 2015 zinasema mishahara na marupurupu ya wafanyakazi wote wa kaunti yasizidi asilimia 35 ya mapato yake yote. Ndiyo maana ahadi ya kuajiri mamia kwa mpigo yafaa kupimwa kwa hesabu. Lakini hatua kadhaa zinategemea utaratibu kuliko bajeti kubwa:

• Ratiba ya zamu itangazwe mapema, na likizo iheshimiwe. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku 21 za kazi za likizo kwa mwaka.
• Kuwe na muda unaojulikana wa kuhudumu katika kituo cha mbali, kisha uhamisho bila kujuana.
• Vyeo vipandishwe kwa wakati.
• Kituo kiwe na maji, taa, mlinzi na, inapowezekana, nyumba ya muuguzi.
• Muuguzi apate chanjo ya homa ya ini aina ya B. Akidungwa na sindano iliyotumika, aanze dawa za kujikinga na HIV mapema, kabla ya saa 72 kupita.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unaongeza jambo moja: wanafunzi waliolelewa mashambani wana uwezekano mkubwa zaidi wa kufanya kazi mashambani. Basari ya kijana wa wadi ya mbali anayesomea uuguzi yaweza kuwa njia ya kuipatia zahanati hiyo muuguzi atakayekaa.

Mkaazi afanye nini?

Fuata kalenda ya bajeti. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa katika Bunge la Kaunti kufikia Septemba 1, mkakati wa fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Vikao vya kushirikisha umma hufanyika kabla ya bajeti kupitishwa. Usingoje Juni.

Fahamu kamati ya kituo chako. Sheria ya mwaka 2023 kuhusu fedha za kuboresha vituo vya afya inaviruhusu vituo vya umma kubaki na pesa vinazokusanya na kuzitumia kuboresha huduma. Uliza kama taa ya wodi ya uzazi imo katika mpango wa matumizi.

Tumia haki yako ya kuwasilisha ombi katika Bunge la Kaunti. Na unapokuwa kwenye foleni ndefu, kumbuka kwamba aliye mbele yako hakuisababisha. Lalamiko lina mahali pake: kwa msimamizi wa kituo, kwa kamati, au kwa mwakilishi wadi wako.

Maswali ya kujadili barazani

1. Zahanati yetu inapaswa kuwa na wauguzi wangapi, na ina wangapi?
2. Mwaka uliopita, wangapi waliajiriwa katika kaunti na wangapi waliondoka? Sababu zao ziliandikwa?
3. Muuguzi wetu akienda likizo, nani hushika nafasi yake?

Andika majibu utakayopewa, pamoja na tarehe na jina la ofisi iliyokujibu. Yalete katika kikao kijacho cha bajeti.