Kuvunja Mkataba wa Pango Ujerumani

Swali: Je, Mtanzania aliyepanga nyumba Berlin anaweza kuvunja mkataba mapema ili arejee nyumbani?

Jibu: Sheria ya Ujerumani kwa kawaida humruhusu mpangaji mwenye mkataba usio na kikomo kuuvunja bila kueleza sababu, mradi atoe notisi, yaani taarifa ya kuhama, ya miezi 3, ambayo sharti iandikwe kwenye karatasi, itiwe saini kwa mkono na imfikie mwenye nyumba kabla siku ya 3 ya kazi ya mwezi haijapita, la sivyo mwezi huo hauhesabiwi. Barua pepe haitoshi. Mkataba wa muda maalumu ni mgumu zaidi, kwani mara nyingi huhitaji maafikiano, na kumleta mpangaji mbadala pekee hakumlazimishi mwenye nyumba kumkubali. Maafikiano hayo yapatikane kwa maandishi kabla ya kukabidhi funguo.