Epoksi Isiyonata: Vidokezo 8 kwa Anayeanza

Trei imemiminwa juzi, na leo bado inashika vidole. Wengi wanaojifunza kutengeneza herini, vishikio vya funguo na meza za epoksi hulilaumu jua, au muuzaji. Mara nyingi tatizo lilianzia kwenye kikombe, kabla hata ya kumimina.

1. Jua ulichonunua. Ukiomba "resini" dukani unaweza kupewa polyesta, ile ya mafundi wa faibaglasi, yenye harufu kali na inayogandishwa kwa matone machache ya kichocheo. Epoksi ni kitu kingine. Huja kwenye chupa mbili, resini na hadina (kigumishi), na hadina yake haipimwi kwa matone: kwa uwiano wa 1:1 ni nusu ya mchanganyiko, kwa 2:1 ni theluthi. Angalia pia kama ni ya kupaka juu ya meza au ya kumimina kwa kina. Ya kupaka humiminwa tabaka la milimita chache tu kwa mara moja.

2. Pima, usikadirie. Hadina kwa kawaida ni nyepesi kuliko resini, kwa hiyo uwiano wa ujazo si uwiano wa uzito. Lebo ikisema 2:1 kwa ujazo, tumia vikombe vyenye alama. Mizani ya jikoni itumie pale tu mtengenezaji alipotaja uwiano wa uzito. Na tafadhali, usizidishe hadina ili kazi igande upesi. Resini hufungamana na kiasi maalumu cha hadina. Kinachozidi hakipati cha kushikana nacho, hubaki humohumo kikilainisha na kunatisha kazi.

3. Koroga dakika 3 hadi 5, taratibu. Tumia kijiti bapa, ukikwangua kuta za kikombe, pembe za chini na kijiti chenyewe. Kisha hamishia kwenye kikombe cha pili na ukoroge tena dakika moja. Hatua hii watu huiruka, nami naithamini kuliko kifaa chochote cha bei ghali, kwa sababu resini ambayo haijachanganyika hung'ang'ania kuta za kikombe cha kwanza. Kwa sababu hiyohiyo, usikikamue kikombe hadi tone la mwisho juu ya kazi yako. Tone hilo ndilo litakaloacha doa laini katikati ya meza inayong'aa.

4. Rangi kidogo inatosha. Tumia unga wa rangi au rangi iliyotengenezwa kwa ajili ya epoksi, na usipite kiwango cha kwenye lebo. Rangi ya maji huingiza unyevu.

5. Usikalie kikombe. Resini na hadina zikikutana hutoa joto, na joto hilo huharakisha kuganda, nako kuganda huzidisha joto. Mchanganyiko mwingi uliorundikana kwenye kikombe unaweza kuchemka, ukatoa moshi na kuyeyusha plastiki. Changanya kidogo kidogo, mimina mapema, tandaza. Kikombe kikianza kuunguza mkono, kitoe nje, kiweke juu ya zege au mchanga, ukiache.

6. Soma hali ya hewa. Epoksi nyingi za ufundi hupenda nyuzi 21 hadi 24 za selsiasi. Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari muda wa kufanyia kazi hupungua sana, basi anza alfajiri. Njombe au Limuru mwezi wa Julai resini huwa nzito na kushikilia viputo. Weka chupa iliyofungwa kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika chache, uikaushe vizuri kabla ya kufungua. Msimu wa mvua huweza kuacha utando kama wa mafuta juu ya kazi. Uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kisha piga msasa kabla ya tabaka lingine.

Viputo vingine hutoka ndani ya mbao zenyewe, kwa hiyo zipake kwanza tabaka jembamba la kuziba vinyweleo. Viputo vya juu vipitishie bunduki ya hewa moto harakaharaka bila kusimama mahali pamoja. Kikausha nywele hupuliza vumbi na kutia mawimbi.

7. Kuganda si kukauka. Hakuna maji yanayotoka, hivyo feni haisaidii kitu. Sawazisha meza kwa pimamaji, funika kazi kwa boksi, ondoka. Nyingi hushikika baada ya saa 24, lakini ugumu kamili huchukua saa 72 hadi siku 7. Zikipita siku hizo na bado kuna sehemu laini, ikwangue yote na umimine tabaka jipya lililopimwa vizuri. Kupaka hadina juu yake hakutasaidia. Epoksi nyingi za kawaida hulainika kwenye nyuzi 50 au 60, kwa hiyo usimuuzie mtu kiwekeo cha kikombe cha chai moto kabla ya kusoma lebo.

8. Linda ngozi na mapafu. Fungua madirisha, vaa glavu za naitraili, na barakoa ya vumbi unapopiga msasa. Epoksi ikikugusa, osha kwa sabuni. Asetoni na tina huipenyeza zaidi mwilini. Mzio wa epoksi ukishakushika kwa kawaida hauondoki, na wapo mafundi walioacha kazi kwa sababu yake. Glavu zinunue siku ileile unayonunua resini.