Pasi ya Umeme Inayopata Moto Kupita Kiasi: Namna ya Kutambua Kasoro na Hatua za Kuchukua

Mkazi wa Puge anayenunua pasi mjini Tabora au Nzega hulipia pia nauli. Pasi hiyo ikiwa na kasoro, kuirudisha ni safari nyingine. Na isiporudishwa, yaweza kuunguza sare ya shule, au nyumba nzima. Somo hili lamwelekeza mtumiaji namna ya kutambua chanzo cha tatizo kabla ya kutumia fedha zaidi.

Jinsi pasi inavyodhibiti joto

Ndani ya pasi mna thamostati, yaani swichi ya joto. Swichi hiyo ina utepe wa metali mbili zilizounganishwa. Zikipata moto, metali hizo hutanuka kwa viwango tofauti, utepe hupinda na umeme hukatika. Pasi ikipoa, utepe hunyooka na umeme hurejea. Pasi nyingi zina pia fyuzi ya joto, ambayo hukatika mara moja tu endapo thamostati imeshindwa kufanya kazi.

Uchunguzi hatua kwa hatua

1. Soma kibandiko cha pasi. Umeme wa majumbani nchini ni wa volti 230. Pasi iliyotengenezwa kwa volti 120, kama zile za Marekani, itazalisha joto kwa kasi zaidi ya mara tatu ya iliyokusudiwa. Usiichomeke.

2. Simamisha pasi wima mahali pasipo nguo, weka kidhibiti kwenye nukta moja, kisha washa. Katika pasi nyingi, taa huzimika joto linapotosha na kuwaka tena baada ya muda. Taa isipozimika kabisa huku joto likizidi kupanda, thamostati imeganda. Chomoa pasi na usiitumie tena.

3. Taa ikiwaka na kuzimika ipasavyo lakini nguo zinaungua, linganisha kidhibiti na lebo ya nguo. Nukta moja ni takriban nyuzi 110 za Selsiasi, mbili ni 150 na tatu ni 200. Nailoni huhitaji nukta moja. Pamba huvumilia tatu.

4. Iwapo kinachopata moto ni plagi au soketi, kasoro huenda ikawa ni mguso uliolegea. Zima umeme, kisha mwite fundi mwenye leseni.

Je, umeme mkubwa ndio chanzo?

Watumiaji wengi hulaumu umeme. Ni kweli kwamba volti zikiongezeka kwa asilimia 10, nguvu ya pasi huongezeka kwa asilimia 21. Hata hivyo, thamostati iliyo nzima itakata umeme mapema zaidi. Kwa hiyo pasi isiyokoma kupata moto ina kasoro yake yenyewe. Lakini ikiwa taa za nyumba nzima huangaza kupita kawaida, toa taarifa TANESCO.

Tahadhari kuhusu matengenezo

Usikubali fundi aondoe fyuzi ya joto na kuunganisha waya moja kwa moja. Pasi itafanya kazi, lakini kinga ya mwisho dhidi ya moto itakuwa imeondolewa. Fyuzi ibadilishwe kwa nyingine ya kiwango kilekile, na chanzo cha kukatika kwake kitafutwe kwanza.

Haki na wajibu wa mtumiaji

Kabla ya kuondoka dukani, omba pasi ijaribiwe kama ilivyoelezwa katika hatua ya pili, kisha dai risiti. Kasoro ikijitokeza baadaye, usifungue pasi. Irudishe kwa muuzaji pamoja na risiti na kadi ya dhamana. Muuzaji akikataa kukusikiliza, wasilisha malalamiko kwa Tume ya Ushindani, inayosimamia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Pale ubora wa bidhaa unapotiliwa shaka, toa taarifa kwa Shirika la Viwango Tanzania. Taarifa yako yaweza kumwepusha mnunuzi mwingine na hatari hiyohiyo.