Paka Wetu Amegeuka, Mtoto Analia

*Shangazi,*

*Mwaka jana binti yangu wa miaka tisa aliokota kitoto cha paka nyuma ya soko la samaki. Kilikuwa kidogo, macho ya buluu, kinalala kifuani kwake na kumfuata mpaka chooni. Tukakiita Kashata. Sasa Kashata ana miezi kama kumi na hatumtambui. Macho yamekuwa ya njano, kichwa kimepanuka, akibebwa anajinyonganyonga ashuke. Usiku hatulali kwa makelele yake juu ya bati, na asubuhi anarudi sikio limechanika. Ijumaa iliyopita aliikojolea kanzu ya baba watoto iliyotundikwa nyuma ya mlango. Jana amemkwaruza mtoto mkononi wakicheza. Mume wangu anasema huyu si paka tena, ni shume, atiwe kwenye gunia akaachwe mbali. Mama mkwe anasema ametumwa. Binti analia tu, anasema Kashata hampendi tena. Je, atarudi kuwa kama zamani, au tutafute kitoto kingine?*

*Mama wa Binti, Tanga*

Mwanangu, kabla ya yote, mkono wa mtoto. Kama jana hamkuosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, fanyeni hivyo sasa hivi, kisha mpeleke kituo cha afya. Waeleze kuwa paka anazurura nje na useme kama amechanjwa au la. Kichaa cha mbwa hakiwapati mbwa peke yao.

Sasa swali lako. La, hatarudi kuwa kama zamani. Nakwambia mapema usije ukakaa unangoja. Ila katika hayo uliyoyaorodhesha, mengine yana dawa na mengine ndiyo ukubwa wenyewe, na shida ya nyumba yenu ni kwamba mmeyachanganya yote mkayapa jina moja la ubaya.

Tuanze na macho, maana nahisi ndiyo yanayompa mama mkwe hoja. Kitoto cha paka huzaliwa kipofu. Macho hufunguka kati ya siku ya 7 na ya 14, na yakifunguka huwa ya buluu kwa kuwa rangi yake bado haijaingia. Kuanzia wiki ya sita hivi huanza kugeuka: njano, kijani, kahawia. Kwa hiyo Kashata hakubadilishwa na mtu. Tena maneno yako yamenifunulia jambo jingine. Mlipomwokota macho yakiwa bado ya buluu, inaelekea hakuwa amefikisha miezi miwili. Umri huo una faida na hasara. Faida ni kwamba paka anayeshikwashikwa na watu kati ya wiki ya pili na ya saba huwazoea binadamu maisha yake yote, na hilo binti yako amelipata. Hasara ni kwamba aliachana na mama yake na ndugu zake mapema mno. Hao ndio wanaomfundisha adabu ya meno na makucha, kwa sababu ukimuuma ndugu yako kwa nguvu anapiga kelele na mchezo unakwisha. Nyinyi nadhani mlimchezesha kwa vidole, naye akauma, mkacheka. Akiwa na meno 26 ya utoto yaliyo kama sindano, ilichekesha. Leo ana 30 ya ukubwa na makucha ya kuwindia, na mchezo ni uleule mliomfundisha.

Kelele, sikio na kanzu ni jambo moja: Kashata amebalehe. Paka dume akikaribia miezi sita homoni humpanda, shingo ikanenepa, mashavu yakatanda, akaanza kutafuta majike na kugombea eneo na madume wenzake. Mkojo wa kwenye kanzu haukuwa wa haja. Dume husimama, mkia juu ukitetemeka, akarusha nyuma kwenye kitu kilichosimama wima, kuwaambia madume wa mtaa kwamba hapa pana mwenyewe. Mumeo hakutukanwa, mwambie.

Hili lina dawa. Mpeleke kwa daktari wa mifugo ahasiwe, na papo hapo achanjwe. Madume kama tisa katika kumi hupunguza sana au huacha kabisa kurusha mkojo baada ya kuhasiwa, na kuzurura na kupigana hupungua. Msitarajie mabadiliko kesho yake, homoni huchukua wiki kadhaa kuisha mwilini. Baada ya hapo atapenda kula zaidi ya anavyohitaji, basi dagaa wapimwe. Maziwa achaneni nayo, paka wengi wakubwa huharisha wakiyanywa. Na sikio likivimba au jipu likitokea baada ya ugomvi, usimpe panadol hata kipande. Inaua paka.

Kuhusu gunia, sitasema mengi. Mtamtupa kwenye eneo la madume wengine, ataumizwa au ataumiza. Na mama mkwe anaijua hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka mpaka paka akafa. Mwombe amsimulie mwanawe.

Sasa binti, ambaye ndiye hasa aliyenifanya nijibu barua hii. Kuanzia umri wa miezi minne hivi mchezo wa paka huacha kuwa wa kubiringishana na huwa wa kuwinda vitu. Ndiyo maana hataki kubebwa akiwa macho, anataka kamba ikiburutwa sakafuni. Mpe mtoto kijiti chenye kitambaa mwishoni, wacheze jioni kabla Kashata hajala, na mkono usiingie mchezoni kamwe. Kisha mfundishe kutazama. Kashata akiingia ndani mkia umesimama wima, ndivyo kitoto kinavyomwamkia mama yake, na paka mkubwa huwawekea salamu hiyo anaowaamini. Akipanda mapajani mwenyewe akaanza kukandakanda kwa miguu ya mbele kama mtu anayekanda unga wa maandazi, hiyo ni tabia ya kunyonya ambayo haikuisha. Na wakitazamana, binti afumbe macho polepole, ayafumbue polepole. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walionyesha kwamba paka hujibu kwa kufanya vivyo hivyo, na huwa radhi zaidi kumsogelea mtu aliyewafanyia hivyo. Sharti ni moja, na kwa mtoto wa miaka tisa ni gumu: paka ndiye aje. Akitaka kushuka, ashushwe.

Kitoto kingine msilete. Kikiwa jike, kinaweza kushika mimba kikiwa na miezi minne au mitano tu, na kuzaa wiki tisa baadaye. Kikiwa dume, mwakani utaniandikia barua hiihii.

Na kanzu: usiiloweke kwenye dawa yoyote yenye amonia, kwa kuwa kwa pua ya paka harufu yake inafanana na mkojo na itamwita arudie. Maji ya baridi kwanza, halafu siki iliyochanganywa na maji kwa nusu saa, ifuliwe kwa sabuni ya kawaida, ianikwe juani. Mlango nao uufute kwa siki hiyohiyo, na kanzu ihamie kabatini.